Kutoka Kinywani Hadi Kidole Gumba: Historia ya Kinga Dhidi ya Madhara ya Mwendo wa Kujirudia kwa Wataalamu wa Maabara

Utangulizi

Historia ya maabara katika eneo letu la Maziwa Makuu imeandikwa zaidi kama historia ya vimelea na wagunduzi. Tunamjua David Bruce, tunamjua Robert Koch, na tunajua kwamba virusi vya Zika vilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947 na watafiti wa Entebbe, vikapewa jina la msitu vilikopatikana. Mkono ulioshika pipeti, ukasogeza slaidi chini ya hadubini na kufungua vifuniko vya mirija maelfu kwa maelfu haujaandikiwa historia yake. Makala hii inajaribu kuianza kazi hiyo kwa kuuliza swali moja: ni lini, na kwa sababu gani, kazi ya maabara iliwekewa mipaka ili isimdhuru anayeifanya?

Jibu linalotetewa hapa lina sehemu mbili. Kwanza, vifaa vingi vilivyoletwa kwa jina la usalama au wepesi havikuuondoa mzigo wa kazi mwilini. Viliuhamisha kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Pili, mipaka michache iliyopunguza kwa kweli idadi ya miendo ya mkono wa mtaalamu iliwekwa kwa ajili ya usahihi wa majibu au uhaba wa vifaa, na afya ya mtaalamu ikanufaika kwa bahati tu.

Kwa "madhara ya mwendo wa kujirudia" ninakusudia maumivu, ganzi, uvimbe na udhaifu unaozipata kano, misuli na neva pale mtu anaporudia mwendo uleule kwa muda mrefu, mara nyingi kwa nguvu ndogo, katika mkao usiofaa na bila mapumziko ya kutosha. Kano zinazokiendesha kidole gumba hupita ndani ya ala nyembamba upande wa kifundo cha mkono. Zikisuguliwa kupita kiasi, ala hunenepa na njia hubana. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliieleza hali hiyo mwaka 1895, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Jambo lililo gumu kwa mwajiri kulielewa, na hata kwa mgonjwa mwenyewe, ni kwamba hakuna siku ya ajali. Hakuna damu, hakuna kishindo, hakuna shahidi.

Karani, mpiga telegrafu na mtoboa kadi

Kabla ya maabara za kisasa kulikuwa na ofisi, na ni huko ambako madhara haya yaliandikwa mapema. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Kiitaliano aliyefundisha Modena na baadaye Padua, alichapisha kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700. Katika toleo lililopanuliwa la 1713 aliwaongeza makarani na waandishi. Alitaja sababu tatu za maradhi yao: kukaa muda mrefu, mwendo wa mkono usiokoma na usiobadilika, na mkazo wa akili unaotokana na hofu ya kukosea hesabu. Sababu ya tatu husahauliwa na wanaomtaja Ramazzini leo, ingawa ndiyo inayomkaribisha karani wake ndani ya maabara zetu. Mtaalamu wa maabara hana ruhusa ya kuruka kishimo kimoja wala kuchanganya namba mbili, na mkono unaoogopa kukosea hushika kifaa kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Ramazzini alisimulia pia habari za mwandishi mmoja aliyemfahamu, ambaye mkono wake wa kulia ulipooza baada ya maisha marefu ya kuandika. Mtu huyo akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda mrefu, nao ukapatwa na maradhi yaleyale. Kisa hicho kifupi kitatufaa tutakapofika kwenye pipeti.

Karne mbili baadaye Uingereza ilikubali kuuingiza ugonjwa wa wapiga telegrafu katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayostahili fidia (1908), na mwaka 1911 kamati ya serikali ikatoa ripoti juu yake. Hiyo ilikuwa fidia, yaani malipo baada ya mkono kuharibika. Hatua ya kuhesabu miendo yenyewe ilichukuliwa Japani. Mwaka 1964 Wizara ya Kazi ya nchi hiyo, baada ya malalamiko mengi ya waendeshaji wa mashine za kutoboa kadi, ilitoa mwongozo uliotaka mfanyakazi asizidishe mibonyezo 40,000 kwa siku wala saa tano za kazi hiyo, na apumzike kila saa. Mtu anaweza kubishana kuhusu idadi hiyo. Uzito wake kihistoria ni kwamba kidole kilikubaliwa kuwa na kiwango chake cha mwisho, kama vile daraja lina uzito wake wa mwisho, na kiwango hicho kikaandikwa na serikali.

Hadubini kando ya Ziwa

Katika eneo letu kazi ya maabara ya wingi ilianza na malale. Ugonjwa huo ulipoenea Busoga na Buganda mwanzoni mwa karne ya 20, uliua watu zaidi ya 200,000. Tume za Royal Society ya London zilifika mwaka 1902 na 1903, zikafanya kazi Entebbe. Koch naye alipiga kambi katika visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907. Upimaji ulihitaji majimaji ya tezi za shingoni au damu kutazamwa kwa hadubini, mtu mmoja baada ya mwingine. Katika Kongo ya Wabelgiji utaratibu huo ulikua ukawa kampeni za vijiji kwa vijiji, na wauguzi wa Kiafrika walifunzwa kutumia hadubini na kusafiri na vikosi hivyo.

Ripoti za kampeni za namna hiyo huhesabu waliopimwa na waliokutwa na vimelea. Hazina sababu ya kuhesabu shingo zilizokaa zimeinama, wala viwiko vilivyoning'inia hewani kwa saa nyingi huku vidole viwili vikizungusha gurudumu dogo la kusogezea slaidi. Kimya hicho kisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba maumivu hayakuwapo. Ni ushahidi wa kile ambacho msimamizi aliulizwa na wakubwa wake.

Urithi wa kazi hiyo bado uko nasi katika upimaji wa malaria na kifua kikuu. Na hapa ndipo tunapokuta mpaka wa kwanza ulio wazi. Miongozo ya kimataifa ya kupima makohozi, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani na Muungano wa Kimataifa Dhidi ya Kifua Kikuu na Magonjwa ya Mapafu, inashauri mtaalamu mmoja asisome zaidi ya slaidi 20 hadi 25 kwa siku. Slaidi isiyoonyesha bakteria hutakiwa kutazamwa maeneo 100 kabla ya kutangazwa kuwa safi. Kwa hiyo mtu anayesoma slaidi 25 za namna hiyo amesogeza na kutazama mara 2,500. Mpaka huo uliwekwa kwa sababu jicho lililochoka hupitwa na bakteria, na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila dawa. Shingo na kifundo cha mkono vilikingwa kwa sababu vilikuwa upande mmoja na jicho. Ninakiri kwamba sijui mpaka mwingine uliomfaa mtaalamu wa hadubini kuliko huu, na haukuwekwa kwa ajili yake.

Pipeti yahama kutoka kinywani

Kwa miongo mingi kimiminika kilipimwa maabara kwa kufyonzwa. Mtaalamu aliweka mrija wa kioo mdomoni, akavuta, akauziba kwa kidole, kisha akaachia. Mwaka 1893 tayari kulikuwa na taarifa ya daktari aliyejivutia bakteria wa homa ya matumbo kinywani kwa bahati mbaya. R. M. Pike, aliyekusanya maambukizo 3,921 yaliyotokea maabara katika uchunguzi wake wa 1976, alikuta kwamba kati ya ajali 703 zilizojulikana namna zilivyotokea, 92 zilitokana na kufyonza kwa pipeti. Mwongozo wa usalama wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1983, ulipiga marufuku desturi hiyo.

Njia ya kuiacha ilikuwa imekwisha patikana Marburg, Ujerumani, mwaka 1957. Heinrich Schnitger, daktari aliyechoshwa na kufyonza matone madogo kwa mdomo, alitengeneza pipeti yenye pistoni na springi, inayosukumwa kwa kidole gumba. Kampuni ya Hamburg iliyokuja kujulikana kwa jina la Eppendorf iliiingiza sokoni mwaka 1961. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Warren Gilson na Henry Lardy wa Wisconsin, Marekani, walileta ile ambayo kiasi chake kinaweza kurekebishwa. Kifaa hicho kimeokoa maisha, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetamani kurudi kwenye mrija wa mdomoni.

Hata hivyo, tukitazame kwa macho ya yule mwandishi wa Ramazzini. Mzigo ulitoka mapafuni ukaenda kwenye kidole kimoja. Ili kuhamisha tone moja, kidole gumba husukuma springi hadi kituo cha kwanza, huiachia polepole (na kuachia polepole ni kazi ngumu kuliko kusukuma), husukuma tena hadi kituo cha pili ili kimiminika chote kitoke, kisha husukuma kitufe kingine ili ncha ya plastiki ianguke. Huo msukumo wa mwisho ndio wenye nguvu zaidi, hasa ikiwa ncha imekazwa kwa kugongwagongwa kama wengi tulivyofunzwa kufanya. Kidole gumba kimeumbwa kushikana na vidole vingine. Kusukuma chini kutoka juu, mkono ukiwa umeinuliwa, si kazi ambayo viungo vyake vinaimudu kwa siku nzima.

Sahani ya vishimo 96

Pipeti peke yake isingeleta madhara makubwa kama isingekutana na sahani. Gyula Takátsy wa Hungaria alibuni mwaka 1951 sahani yenye vishimo vidogo vidogo kwa ajili ya vipimo vya mafua, na baadaye umbo la safu 8 kwa 12 likawa kipimo cha dunia nzima. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walichapisha kipimo cha kingamwili kinachoitwa ELISA, nacho kikahamia kwenye sahani hizo. Tukihesabu misukumo mitatu ya kidole gumba kwa kila kishimo, sahani moja ni misukumo 288 kwa kila kimiminika kinachoongezwa. Sahani tano zenye vimiminika viwili ni misukumo 2,880, kabla hatujataja vifuniko vya mirija vilivyofunguliwa na kufungwa.

Uganda iliikuta hesabu hiyo kwa ghafla. Mwaka 1985 watafiti walieleza katika jarida la Lancet ugonjwa wa kukondesha uliokuwa ukiwaua watu Rakai, na mwaka huohuo kipimo cha ELISA cha virusi vya UKIMWI kiliidhinishwa Marekani. Katika miaka iliyofuata, damu ya kuongezewa wagonjwa ilibidi ichunguzwe, na tafiti za jamii nzima zikaanza Rakai na Masaka. Kila mwanakijiji aliyekubali kutoa damu alikuwa kishimo kimoja au zaidi katika sahani ya mtu fulani. Tunayo maandishi mengi, na ya haki, juu ya wanakijiji hao. Juu ya yule aliyejaza sahani hatuna hata ukurasa.

Ushahidi wa kitakwimu ulitoka Sweden. Mwaka 1994 Maria Björksten na wenzake walichapisha katika jarida la Applied Ergonomics uchunguzi wa wataalamu wa maabara 128, wote wanawake, waliotumia pipeti za kusukuma. Walionyesha kwamba kutumia pipeti kwa zaidi ya saa 300 kwa mwaka kulihusiana na ongezeko la matatizo ya mikono na mabega. Tugawe idadi hiyo. Kwa mwaka wa siku 230 za kazi, saa 300 ni chini kidogo ya saa moja na dakika 20 kwa siku. Kwa mtaalamu wa maabara ya kumbukumbu ya taifa wakati wa mlipuko, hiyo ni asubuhi kabla ya chai.

Mlipuko mwingine mkubwa ulikuwa UVIKO-19. Katika miezi ya mwanzo ya 2020 madereva wa malori walikwama Mutukula na Busia wakisubiri majibu, na msukumo wa kisiasa wa kuharakisha ulimwangukia aliyeshika pipeti. Rwanda ilichukua njia ambayo wanahistoria wa kazi wanapaswa kuikumbuka. Leon Mutesa na wenzake walibuni mbinu ya kuchanganya sampuli za watu wengi na kuzipima kwa pamoja, wakaichapisha katika jarida la Nature. Lengo lilikuwa kubana matumizi ya vitendanishi vilivyokuwa adimu. Kuchanganya nako kunahitaji pipeti, lakini pale maambukizo yanapokuwa machache, jumla ya hatua za mkono hupungua. Kwa mara nyingine mkono ulipata nafuu kwa sababu isiyokuwa yake.

Jina na sheria

Katika miaka ya 1980 Australia ilikumbwa na malalamiko mengi ya maumivu ya mikono, hasa miongoni mwa wachapaji. Mjadala mkali ukazuka kama hayo ni madhara ya mwili au ya akili, na sehemu kubwa ya mjadala huo ilikuwa juu ya neno. Anayeita kitu jeraha ametaja aliyejeruhi.

Sisi tunaotumia Kiswahili tuna shida yetu. "Jeraha" katika masikio ya wengi ni mkato au kidonda, kitu kinachoonekana na kufungwa bendeji. Mtaalamu akisema ana jeraha la mkono, msimamizi hutazama mkono na kuona ngozi nzima. Akisema ana "uchovu", anaambiwa alale. "Maumivu ya mkono" ni dalili, na dalili haina mwajiri. Ndiyo maana nimechagua "madhara": neno hilo halidai damu, lakini linadai sababu. Sitashangaa wenzangu wa istilahi wakipendekeza lililo bora. Ninachoomba ni kwamba lolote litakalochaguliwa liweze kusimama mbele ya afisa wa fidia.

Maana sheria zimekwisha fungua mlango. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa mwaka 2010 inataja uvimbe wa ala za kano za mkono na kubanwa kwa neva katika kifundo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 ina kifungu mahsusi juu ya ergonomia, yaani kulinganisha kazi na mwili wa mfanyakazi. Sheria ya Uganda ya 2006 inampa mwajiri wajibu wa jumla wa usalama.

Kinga iko wapi

Mengi yanayofaa yanajulikana na hayahitaji fedha nyingi. Mtaalamu aketi karibu na meza, viwiko vikiwa ubavuni. Ndoo ya kutupia ncha iwe fupi, ili mkono usipandishwe begani kila sekunde chache. Sampuli ziwekwe mbele, zisiwe upande mmoja. Hadubini ipandishwe juu ya ubao hadi jicho lifikie bila shingo kuinama, na mikono ya mbele ipate pa kuegemea. Glavu ziwe za saizi ya mkono, kwa kuwa glavu kubwa hulazimisha kushika kwa nguvu, nayo ndogo huvipinga vidole kila vinapokunjwa. Pipeti isafishwe na kutiwa mafuta kama mtengenezaji anavyoelekeza, kwani pistoni kavu huongeza kazi ya kidole kila siku bila mtu kutambua. Pipeti zenye ncha nane au kumi na mbili, na zile za umeme, hupunguza misukumo sana pale zinapopatikana.

Meza zetu ni tatizo la pekee. Nyingi zimejengwa kwa saruji na vigae, kwa kimo kimoja, na stuli zake hazina egemeo. Meza haiwezi kushushwa, kwa hiyo stuli ndiyo ipandishwe na kuwekewa pa kukanyagia. Seremala wa mjini anaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja.

Lakini historia niliyoieleza inanizuia kuweka matumaini yangu yote kwenye vifaa. Kifaa chepesi huleta sahani nyingi zaidi. Ndivyo ilivyokuwa tangu 1961. Kinachokinga kwa hakika ni idadi, na idadi hupangwa na mkuu wa maabara anapogawa kazi asubuhi: nani atajaza sahani, kwa saa ngapi, nani atampokea, na ni nani leo atakaa kwenye kumbukumbu ili mkono wake upumzike. Mapumziko mafupi ya kila nusu saa yanafaa kuliko mapumziko marefu ya mchana. Na mtaalamu anayesema mapema kwamba kidole kinauma asihesabiwe kuwa mvivu, kwani katika wiki za mwanzo mkono huo bado unaweza kurejea hali yake.

Rejista kama chanzo cha historia

Rejista ya maabara kwa kawaida huwa na tarehe, namba ya sampuli, kipimo, jibu, na herufi za mwanzo za jina la aliyepima. Safu hiyo ya mwisho iliwekwa ili kosa lipate mwenyewe. Kwa mwanahistoria ni hesabu ya mkono mmoja, siku kwa siku, wakati mwingine kwa miaka kumi. Kwa kuhesabu herufi hizo tunaweza kujua mtu mmoja alisoma slaidi ngapi katika juma la mlipuko, kama ule mpaka wa slaidi 25 ulifuatwa au ulibaki ukutani, na kama kazi ilizungushwa au iliwaangukia wawili watatu walewale. Kazi hiyo ifanywe kwa kuyaficha majina, na ipate idhini ya taasisi husika. Tena ifanywe mapema, kwa sababu rejista za karatasi huteketezwa muda wake wa kuhifadhiwa ukiisha, na maabara nyingi sasa zinahamia kwenye kompyuta. Zile za miaka ya 1980 na 1990, miaka ambayo sahani ya vishimo 96 iliingia katika maabara zetu, ndizo zilizo hatarini zaidi, na kwa hizo ndipo ningependa tuanzie.